Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Kumpima Mwandishi wa Gemu Kabla ya Kutoa Pesa

Maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wazazi, vijana na wenye vibanda vya gemu mjini Chaka. Yanachapishwa hapa ili yawafikie pia wakaazi wa wadi nyingine za Kaunti.



Kila anayeishi Chaka anajua jinsi mbuzi anavyonunuliwa. Mnunuzi haanzi na bei. Humshika mbuzi mgongoni, humfungua mdomo aone meno, humtembeza hatua chache aone kama anachechemea. Dalali akija na sifa zake, mnunuzi humsikiliza, lakini anajua dalali huyo analipwa na nani, kwa hivyo hupunguza kidogo katika kila sifa anayoisikia. Dalali wa namna hiyo hamdhuru mtu. Anayedhuru ni yule anayesimama kando kama mpita njia, akasema, "Huyo mbuzi ni mzuri, mchukue haraka kabla hajaenda," kumbe ameshapewa kitu na mwenye mbuzi.

Mazungumzo haya yanahusu mpita njia huyo, katika biashara ambayo vijana wanaijua sana na wazazi wengi hawaijui: gemu za video. Siku hizi gemu ina waandishi wake. Wako wanaoandika kwenye magazeti na tovuti, na wako wanaozungumza kwenye video za mtandaoni huku wakicheza. Wao ndio wanaomwambia kijana gemu gani ni nzuri, mashine gani anunue, na mashindano gani ajiandikishe. Swali ni hili: mwananchi atamjuaje anayesema kweli?

Kwa nini jambo hili linahusu Chaka

Katika miji ya barabara hii, kuanzia Kiganjo, Chaka, Naro Moru hadi Nanyuki, kibanda cha gemu ni kazi halali ya kijana. Runinga, mashine ya PlayStation, viti vya plastiki, na mteja analipa kwa mechi au kwa muda. Mtaji wake hutoka kwenye akiba, kwenye chama, au kwa mzazi aliyeuza viazi au kondoo. Mashine au gemu ikinunuliwa kwa ushauri mbaya, hasara haibaki mtandaoni. Inakuja nyumbani.

Chukueni mfano wa mpira, kwa sababu ndio unaolisha vibanda vingi. Kwa miaka mingi wachezaji waligawanyika kati ya FIFA ya kampuni ya EA na PES ya kampuni ya Konami ya Japani. Mwaka wa 2021 Konami iliacha jina la PES na kutangaza eFootball, ya kuchezwa bila malipo ya kuanzia. Kabla haijatoka ilizungumzwa kama mwanzo mpya wa mpira wa kompyuta. Ilipotoka tarehe 30 Septemba 2021, watu walikuta nyuso za wachezaji zimepindika, mwendo una kasoro, na sehemu nyingi za gemu hazipo. Konami iliomba radhi baada ya muda mfupi tu, na marekebisho makubwa yalikuja Aprili 2022. Mwenye kibanda aliyekuwa amewaahidi wateja wake kwa kutegemea sifa za kabla ya gemu kutoka alibaki na maelezo ya kutoa. Aliyesubiri wiki moja asome maneno ya watu walioicheza hakupoteza kitu.

Funzo la kwanza limo hapo. Maneno yanayotolewa kabla ya gemu kutoka huwa yametegemea kile ambacho kampuni imekubali kuonyesha. Hayo ni matarajio, na matarajio hayapimiki.

Upendeleo si uongo

Kabla ya kufika kwenye maswali ya kumpimia mwandishi, kuna jambo la kunyoosha. Vijana wengi wakisikia neno "upendeleo" hudhani maana yake ni udanganyifu. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Kila mtu ana upande. Mwandishi aliyekulia kwenye gemu za mpira ataona gemu ya vita ni kelele. Anayependa hadithi ndefu ataona gemu ya mbio za magari ni tupu. Hiyo ni ladha, na mtu hawezi kuandika bila ladha.

Hata mapenzi ya nyumbani ni upande. Mwaka wa 2015 kampuni ya Kenya, Black Division Games, ilitoa Nairobi X, gemu ya kupigana na viumbe wa anga za mbali waliouvamia mji wa Nairobi. Mkenya akiandika juu ya gemu kama hiyo, furaha ya kuona mitaa anayoijua inaweza kuongeza alama. Hakuna ubaya, mradi aseme: "Sehemu ya furaha yangu ni kwamba gemu hii imetoka kwetu." Msomaji akishajua hivyo, anaweza kutenganisha uzalendo na ubora mwenyewe.

Mizani ya sokoni inaweza kueleza jambo hili. Mizani ikiwa inazidisha gramu hamsini na kila mtu anajua, bado biashara inaweza kufanyika, kwa sababu mnunuzi atatoa hizo hamsini. Mizani inayoiba ni ile ambayo kasoro yake imefichwa. Mwandishi wa kuaminika ni yule anayekuonyesha upande wake ili uweze kutoa hizo gramu. Kwa hivyo mwananchi asitafute mwandishi asiye na upande, maana hatampata. Atafute asiyeficha upande wake.

Swali la kwanza: nani anamlipa?

Mwandishi halipwi na gemu. Analipwa na tovuti au kituo chake, na mara nyingi tovuti hiyo inalipwa na matangazo ya biashara ya kampuni zilezile zinazotengeneza gemu. Hapo ndipo shinikizo linapoanzia.

Mwezi wa Novemba 2007, nchini Marekani, mwandishi Jeff Gerstmann wa tovuti ya GameSpot aliipa gemu ya Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kwa 10. Wakati huohuo, ukurasa wa tovuti hiyo ulikuwa umepambwa kwa matangazo makubwa ya gemu hiyohiyo. Kabla mwezi haujaisha, Gerstmann alikuwa amefutwa kazi. Wasomaji walishuku, na baadhi ya wenzake wakaacha kazi baadaye, lakini yeye mwenyewe hakuweza kueleza hadharani. Ilipofika mwaka wa 2012 ndipo alipoeleza kwamba wakubwa wake walikuwa wameshinikizwa na kampuni za gemu ambazo hazikupenda alama zake, pamoja na vitisho vya kuondoa matangazo.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza, mwandishi anaweza kuwa mwaminifu huku nyumba anayoiandikia ikiwa na hofu, kwa hivyo mpime mwandishi na nyumba yake pia. La pili, anayewahi kutoa alama ya chini kwa gemu ya kampuni inayotangaza kwake ameonyesha kitu ambacho maneno hayawezi kuonyesha. Msomaji anaweza kufanya hesabu hiyo mwenyewe. Achukue maoni kumi ya nyuma ya mwandishi huyo. Kama zote kumi ni tamu, basi ama ana bahati ya ajabu, ama kuna mtu anayemwekea sukari.

Kwenye video mambo yamezidi. Mwaka wa 2014 kampuni ya Warner Bros. ilitaka gemu yake Middle-earth: Shadow of Mordor isifiwe. Ililipa watu maarufu wa YouTube, kuanzia mamia ya dola hadi makumi ya maelfu, kila mmoja kulingana na makubaliano yake. Masharti yalikuwa waiseme vizuri na wasionyeshe kasoro zake. Mmoja wao alikuwa PewDiePie, aliyekuwa na wafuasi wengi mno wakati huo. Taarifa kwamba ni kazi ya kulipwa iliwekwa kwenye maelezo chini ya video, mahali ambapo mtazamaji alipaswa kubonyeza ili aone. Wengine walisema tu kwamba wamepewa gemu mapema, bila kutaja pesa. Video hizo zilitazamwa zaidi ya mara milioni 5.5. Mwezi wa Julai 2016 FTC, tume ya Marekani inayosimamia biashara, ilitangaza mapatano na kampuni hiyo kwamba isirudie mchezo huo.

Kwa hivyo kijana akitazama video, afungue maelezo yaliyo chini yake mpaka mwisho. Atafute maneno kama "kwa ushirikiano na", "imefadhiliwa", au "tangazo la kulipiwa". Akiyakuta, asikasirike. Ajue tu kwamba anamsikiliza dalali, na apunguze.

Swali la pili: alicheza nini, na kwa mashine gani?

Hili ndilo swali linalosahaulika zaidi, na kwa mwenye kibanda ndilo la pesa nyingi zaidi.

Tarehe 10 Desemba 2020 kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitoa Cyberpunk 2077, gemu iliyosubiriwa kwa miaka. Waandishi wa mwanzo walipewa toleo la kompyuta peke yake, tena kwenye video zao za kabla ya siku hiyo walitakiwa kutumia picha zilizotolewa na kampuni. Sifa zikawa nyingi. Siku ilipofika, wenye PlayStation 4 na Xbox One za kawaida walikuta gemu inakwama, inajizima, na sura za watu hazijakamilika. Kampuni iliomba radhi na kuahidi kurudisha pesa, na Sony ikaiondoa gemu hiyo kwenye duka lake la PlayStation siku chache tu baada ya kutoka. Ilirudishwa Juni 2021.

Tazameni tofauti ya alama. Tovuti ya IGN iliipa gemu hiyo 9 kwa 10 kwenye kompyuta. Ilipoichunguza kando kwenye PS4 na Xbox One, iliipa 4 kwa 10. Gemu ni ileile. Alama 9 haikuwa uongo, lakini mwenye kibanda mwenye PS4 aliyeisoma bila kuuliza "kwa mashine gani?" angenunua gemu ya alama 4 akidhani ni ya 9.

Mwandishi mzuri hutaja mapema: amecheza kwa mashine ipi, kwa saa ngapi, amefika mwisho au la, na gemu aliinunua au alipewa. Asiyetaja hata kimoja kati ya hivyo ni kama mtu anayekusifia barabara ya mashambani bila kusema kama aliipita wakati wa jua au wakati wa mvua.

Swali la tatu: anapata nini nikifuata ushauri wake?

Hapa wazazi wasikilize zaidi, kwa sababu hapa ndipo gemu inapokutana na kamari.

Mnamo Septemba 2017, tume hiyohiyo ya Marekani ilifikia mapatano na vijana wawili maarufu wa YouTube, Trevor Martin na Thomas Cassell. Walikuwa wameonyesha video wakicheza kamari kwenye tovuti ya CSGO Lotto, ambako watu waliwekeana dau kwa mapambo ya silaha za gemu ya Counter-Strike. Mtazamaji aliona vijana wenye bahati wanashinda. Ambacho hakuambiwa ni kwamba tovuti hiyo ilikuwa yao wenyewe. Tena waliwalipa watu wengine maarufu kati ya dola 2,500 na dola 55,000 ili nao waisifu.

Mzazi wa Chaka halazimiki kuijua Counter-Strike ili atambue mtego huu, kwa sababu sura yake ni ileile kwenye simu za hapa. Kijana anaonyesha ndege inapaa kwenye skrini, pesa zinaongezeka, anacheka, anatoa namba ya kujiandikisha na kusema, "Tumia kodi yangu." Kodi hiyo ndiyo jibu la swali. Mtu anapokupa kodi ya kujiandikishia, kuna uwezekano mkubwa kwamba analipwa kwa kila anayeitumia, na mara nyingine analipwa zaidi kadiri unavyopoteza. Huyo anaweza kuwa mchezaji hodari na mzungumzaji mzuri. Mwandishi wa gemu, siye.

Swali la nne: akikosea hufanya nini?

Hakuna mwandishi asiyekosea. Gemu hubadilika hata baada ya kuuzwa. Mbaya hurekebishwa, na nzuri huharibiwa kwa kuongezewa mambo ya kulipia. Mwandishi wa kuaminika hurudi. Husema, "Nilisema hivi mwezi uliopita, sasa hali ni hii." Husahihisha pale pale alipokosea, mahali ambapo wasomaji walewale wataona. Asiyewahi kusahihisha jambo kwa mwaka mzima hajawa mkamilifu. Amefuta video za zamani tu.

Mshitaki naye apimwe

Kuna hatari ya upande wa pili. Kijana akishajifunza maneno "upendeleo" na "amenunuliwa", ni rahisi kumtupia kila mwandishi anayempa timu yake ama gemu yake alama ndogo. Hilo nalo limewahi kuleta madhara makubwa.

Mwezi wa Agosti 2014 zilienea habari kwamba mwandishi mmoja wa tovuti ya Kotaku alikuwa ameisifu gemu ya mtengenezaji Zoë Quinn kwa sababu ya uhusiano wao wa kimapenzi. Maelfu ya watu walizibeba habari hizo kwa jina la kutetea uadilifu wa waandishi. Kotaku ilipochunguza, ilieleza kwamba mwandishi huyo hakuwahi kuandika uhakiki wowote wa gemu hiyo. Makala yenyewe yaliyolalamikiwa hayakuwepo. Lakini vitisho vilikuwepo, na Quinn alilazimika kuhama nyumba yake kwa kuhofia usalama. Waliokuwa wakidai ushahidi kwa waandishi hawakuwa wametafuta ushahidi wao wenyewe.

Kwa hivyo kanuni ni moja kwa pande zote mbili. Anayesema gemu ni nzuri aulizwe amejuaje. Anayesema mwandishi amehongwa naye aulizwe amejuaje. Kutokubaliana na mtu kuhusu gemu si ushahidi kwamba amelipwa.

Sheria inasemaje

Nchini Kenya, Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 iliweka maadili ya kazi ya uandishi wa habari. Kwa ufupi, inamtaka mwandishi asikubali kusukumwa na watangazaji wa biashara wala watu wenye nguvu, aepuke mgongano wa maslahi, na atenganishe habari na maoni. Sheria hiyo pia ina tume ya kupokea malalamiko ya mwananchi dhidi ya mwandishi au chombo cha habari. Maadili hayo hayabagui siasa na gemu. Anayehakiki gemu kwenye gazeti au kituo cha redio yumo.

Aliye na simu na ukurasa wake mwenyewe huenda asiguswe na maadili hayo kwa urahisi. Hata hivyo, anayeuza au kutangaza bidhaa kwa maelezo ya uongo anaweza kukutana na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Mwananchi aliyenunua kitu kwa kudanganywa ahifadhi risiti, ujumbe wa M-Pesa, na picha ya tangazo lenyewe kabla halijafutwa. Malalamiko bila karatasi huwa ni masimulizi.

Mkaazi aondoke na nini

Kijana anayetaka kununua gemu au mashine afanye hivi. Asinunue siku ya kwanza. Asome au atazame waandishi wawili wasiofanana: mmoja ambaye kwa kawaida anapenda aina hiyo ya gemu, na mmoja ambaye haipendi. Wakikubaliana kwamba kitu fulani ni kibovu, basi ni kibovu. Aulize maswali manne: nani anamlipa, alicheza kwa mashine gani, anapata nini, na akikosea hufanya nini. Kisha atafute mtu wa hapa hapa mwenye mashine kama yake, acheze nusu saa kabla ya kutoa shilingi.

Mzazi anayeombwa pesa naye asikatae kwa sababu tu haelewi gemu. Amwambie mtoto, "Nionyeshe aliyekuambia hiki ni kizuri, na unionyeshe analipwa na nani." Mtoto akiweza kujibu, amejifunza kitu kitakachomfaa pia siku atakapopima mbegu, dawa ya mifugo, au ahadi za mgombea. Akishindwa kujibu, jibu la mzazi limeshapatikana, na halina ugomvi.

Hakuna mtu wa Chaka anayekubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Gunia la gemu limeshonwa kwa picha nzuri na sauti tamu, lakini bado ni gunia. Lifunguliwe kwanza, pesa zifuate baadaye.